Re: Wakuu mnapata wapi muda wa kusoma na kuandika?
Mkuu, umeuliza muda tunaupata wapi na kazi zimebana hivi, mi naona haupatikani, unaibwa tu. Hapa Ngamiani nikitoka kazini nakaa barazani na kahawa chungu na kashata, simu naiacha ndani inachaji, nasoma kurasa kumi basi, kuna riwaya yangu moja ukurasa wa 43 una alama ya kidole, mafuta ya kashata ya nazi, kila nikifika pale najichekea. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, alikuwa karani wa serikali enzi za mkoloni na bado kaandika mashairi na riwaya kibao. Kuandika ndo mtihani kwangu, daftari lina mistari mitatu toka Ijumaa 😂