Watu wamefunzwa, mbona hawafanyi?

SWALI: Mjomba, salaam aleikum. Niko kwa kikundi cha akina mama huku Mwakirunge, tuliletewa mafunzo ya kutunza udongo, matandazo (kufunika udongo na mabua na majani makavu), mbolea ya mboji, kupanda miti katikati ya mahindi, soda tukanywa chapati tukala, watu wakapiga makofi. Sasa masika yaja na ni watatu tu ndo wanafanya, wengine washachoma mabua kama kawaida. Ni uvivu ama?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Aleikum salaam mamangu. Uvivu wapi, mtu ashika jembe na jua hili la kwetu! Hebu niulize, hao watatu shamba ni lao wenyewe? Manake huku pwani ardhi ina mwenyewe na ina mkaaji, na mara nyingi ni watu wawili tofauti, hayo ni mambo ya tangu ile sheria ya wakoloni ya hati za ardhi ya 1908, iliyotaka kila mtu adai ardhi yake, wengi hawakupeleka madai yao wakabaki maskwota kwenye shamba la babu yao. Mwenye shamba hana neno na mahindi na kunde, lakini chomeka mnazi au mwembe uone atakavyokuja mbio, kwa sababu mti huku ni kama hati, aliyeupanda kesho atadai. Na mnazi wa kienyeji hauzai kabla ya miaka kama 6. Sasa mtu ataka apande, amwagilie, halafu afukuzwe? Angekuwa dadangu ningemwambia usipande.

Matandazo nayo, wallahi yana kazi. Kuchoma ni jioni moja, kutandaza ni siku kadhaa, na ukimaliza mbuzi wa jirani waingia, wakibakisha mchwa anamalizia. Hapo hata soda kreti nzima haisaidii. Ongeeni na wenye mbuzi kwanza.

Anzeni na kinacholipa msimu huu huu. Mchanga wa huko maji yapita kama chujio, kwa hivo samadi au mboji ndani ya shimo la mbegu mtu ataiona tofauti kwa macho yake, na kunde katikati ya mahindi zinarutubisha udongo na majani yake ni mboga. Wengine watakwenda kuchungulia mahindi ya hao watatu, utaona.

Miti je? Nendeni kwa mwenye shamba kama kikundi, muandikishane mbele ya mzee wa mtaa miti ni ya nani na mkiondoka mtalipwa nini. Akikataa kutia sahihi msipande, mtajitafutia kesi bure.