Mota ya lori la rimoti: angalia mzigo, kisha angalia njia

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa hapa Dodoma ni hili: "Kaka, mota ipi inakimbia zaidi?" Kwa gari la mashindano, sawa. Kwa lori, niambie kwanza litavuta nini na litapita wapi. Lori lenye tela la kokoto, likivuka mchanga wa korongo saa nane mchana, linataka mota yenye nguvu tangu linapoondoka. Kwa hiyo nawashauri wote: chukueni mota ya polepole.

Soma namba zake. 540 ni ukubwa wa kasha tu, kipenyo kama milimita 36 na urefu kama 50. Nguvu itafute kwenye T, yaani idadi ya mizunguko ya waya kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota. T ikiwa kubwa, mota huzunguka taratibu na huvuta vizuri bila kula umeme mwingi. Kwa mzigo wa kawaida 35T inatosha. Kwa kupanda mawe kama yaliyojaa kwenye vilima vya mji wetu, weka 55T. 80T ni ya mwamba mkali na mtu mwenye subira.

Mota zisizo na kaboni (vile vipande vinavyosugua rota kuipa umeme) hupimwa kwa kV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Ya 1,800 kV kwenye betri ya volti 7.4 hufika kama 13,320 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Hizi hazina kaboni za kulika na vumbi, na hapa kwetu hiyo ni faida kubwa. Ila chukua yenye sensa, kifaa kinachosoma rota imefika wapi, pamoja na kidhibiti mwendo kinachokubali sensa. Isiyo na sensa hushtukashtuka inapoanza kuondoka, na lori lenye mzigo linaondoka na kusimama kutwa nzima.

Mafundi watakuonyesha mota iliyotolewa kwenye drili ya betri. Bei inavutia, lakini pima kabla hujalipa. Nyingi ni za saizi ya 550: upana uleule wa 540, ila ndefu zaidi, na chasisi nyingi hazina nafasi hiyo. Angalia na volti. Mota ya drili ya volti 18 ukiipa 7.4 itazunguka kivivu na nguvu huipati.

Ukiagiza Dar, muulize muuzaji unene wa shafti. 540 nyingi zina milimita 3.17, na tundu la pinioni, ile gia ndogo inayokaa kwenye shafti na kusukuma gia kubwa, lazima lilingane nayo. Meno ya pinioni nayo yawe ya saizi moja na ya gia kubwa.

Ukishaifunga, endesha dakika tano kwenye njia yako halisi, kisha gusa kasha. Kidole kikishindwa kukaa sekunde tatu, zima. Joto kali hudhoofisha sumaku, na zikishadhoofika hazirudi kama mwanzo. Usikimbilie kununua mota nyingine. Badilisha pinioni, weka yenye meno machache zaidi, tuseme kutoka 15 hadi 12. Mwendo utapungua kidogo, mota itapumua. Unapoirudisha mota mahali pake, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa, zibane pamoja, kaza skrubu, kisha zungusha gia mpaka karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa.