Barua kwa mwanangu kuhusu ile kazi ya kamera

Babangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama uchukue ile kazi ya kamera kwenye kipindi cha kutoa mapepo, wanalipa vizuri na wewe rent ya Pipeline iko nyuma miezi miwili, halafu unasema ati hata Marekani walionyesha live na kanisa likanyamaza. Halikunyamaza. Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 2015, chaneli ya Destination America, kwa nyumba moja ya upande wa St. Louis, wanasema kijana mmoja aliyefanyiwa maombi ya kutolewa pepo 1949 alikaa hapo, na jimbo kuu Katoliki la huko lilipinga waziwazi. Na sisi Wakatoliki, mwongozo wa kupunga pepo uliotoka 1999 unakataza vyombo vya habari, na padri haanzi bila ruhusa ya askofu.

Mapepo mimi siyakatai, unajua vile naomba. Shida yangu ni yule mtu mwenye amelala chini.

Sijawahi kukuambia hii ya anti yako. Ukiwa bado hujazaliwa tulienda mkutano wa injili Kayole, akaanguka katikati ya watu, mikono inakakamaa, povu mdomoni, na kiatu kimoja kikatoka. Wakamshika wanne wakipigia pepo kelele atoke, na kijana mmoja akasogea na kamera begani, ile taa yake nyekundu ikiwaka, akainama karibu na uso wa dadangu kabisa. Alikuwa amejikojolea. Nilifungua leso yangu nikamfunika miguu, mtu akaivuta ati nazuia kamera.

Ile kaseti iliuzwa, mwanangu. Watu waliiangalia kwa mavideo mpaka watoto wa ploti wakawa wanamwita yule wa mapepo, akawa anaenda sokoni jioni giza likiingia ndio asionekane. Kumbe ni kifafa. Daktari alimwanzishia dawa na mpaka leo anameza kila usiku, na bado anaomba, hakuna siku dawa na maombi zimegombana kwake.

Kuna msichana wa Ujerumani, Anneliese Michel, naye aligunduliwa kifafa. Walimfanyia ibada ya kupunga pepo mara 67, sauti yake wakairekodi kwa kanda, akafa Julai 1976 kwa kukosa chakula na maji akiwa na kilo kama 30 hivi, na mahakama ikawapata wazazi wake na mapadri wawili na hatia. Hao walikuwa wanampenda na hawakuwa wanatafuta watazamaji, sasa fikiria watu wa kipindi wenye wanataka aanguke vizuri zaidi wiki ijayo, nani atasema zima tumpeleke hospitali? Wewe ndio utakuwa umeshika kamera. Na hata akitia sahihi fomu akiwa mzima, huyo anayeanguka hawezi kukwambia imetosha.

Usiichukue babangu. Chama kinanipa Ijumaa, nitakutumia elfu sita kwa M-Pesa umpunguzie landlodi, ingine tutatafuta. Halafu Jumapili pitia kwa anti yako Dandora, amekubali nikwambie haya yote, na ile leso bado iko kwake.

Mamako