Tabora bado haijamjua mkeo

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliupata juzi baada ya Isha. Niliusoma, nikampa mama yako naye akausoma, tukakubaliana nisikujibu kwa simu. Mazungumzo ya namna hii kwenye simu hukatwa na salio au na mgeni anayebisha hodi, na hili nataka lisikatwe.

Umeniuliza jambo moja. Zuwena amechoka na Tabora, anataka arudi huku Kigoma akae mpaka wewe upate uhamisho, nawe hujui umruhusu au umkatalie. Umesema pia kwamba humnyimi kitu: chakula kipo, kodi ya miezi sita imelipwa, maji yapo uani, na huelewi kinachomliza.

Nianze na la uhamisho, maana ni fupi. Msiipange ndoa yenu kwa kuutegemea. Ajira yako ni mpya, na unajua kuliko mimi walimu wanavyosota na barua hizo. Hata ukimpata wa kubadilishana naye kituo, karatasi zitapita meza nyingi kabla hazijarudi kwako. Zuwena akija huku kusubiri, hakuna anayeweza kumwambia atasubiri mpaka lini. Nimefanya kazi reli maisha yangu yote na nimeziona nyumba za namna hiyo, mume kituo hiki, mke kwa wazazi. Mwanzoni barua zinakwenda na kurudi kila treni. Baadaye kila mmoja anakuwa na desturi zake za kula, za kulala na za kutumia pesa, na mwenzake akija anakaribishwa kama mgeni. Kwa hiyo, kuja kutusalimia aje, hata wiki ijayo. Akae kwa mama yake, akae kwetu, ashibe. Tiketi ya kurudi mkate mapema, na yeye aijue tarehe. Lakini kuhamia huku bila wewe, mimi na mama yako hatuliungi mkono, na ukitaka mwambie hivyo, kwamba wazee ndio waliosema, ili lisiwe neno lako dhidi ya neno lake.

Sasa hilo la kinachomliza. Hapo, mwanangu, nikae nawe kidogo.

Tazama wewe ulivyoingia Tabora. Uliripoti kwa mkuu wa shule, ukapewa ratiba ya vipindi, ukapewa darasa. Wiki haijaisha, mwenye duka wa hapo Isevya anakuita mwalimu, bodaboda anakuita mwalimu, mzazi anakusimamisha njiani kukuuliza mwanawe anaendeleaje. Nafasi yako ilikuwa wazi inakungoja. Zuwena alishuka treni ile ile, asubuhi ile ile, na hakuna aliyekuwa na haja naye. Wanamwita mke wa mwalimu. Huku Mwanga alikuwa fundi. Watu walikuwa wanatoka Gungu, wanatoka Bangwe, wanapita mafundi wengine njiani kumfuata yeye, kwa sababu anajua kulikata gauni la kitenge likamkaa mama mnene bila kumbana kwapani. Kuelekea Idd alikuwa hapati usingizi, na mama yake alikuwa akilalamika kwamba uani hakuna pa kupita kwa wateja. Leo ikifika saa nne asubuhi ameshafagia, ameshaosha vyombo vya watu wawili, na mchana mzima uko mbele yake hauna kazi. Unaporudi saa tisa umechoka na kelele za watoto, unataka ukimya. Yeye ameshinda na ukimya huo tangu ulipotoka.

Ndiyo maana nasema chakula na kodi havitamtuliza. Mtu huzoea mahali anapohitajiwa. Zuwena hajahitajiwa na mtu yeyote Tabora ila wewe, na wewe peke yako hutoshi kuwa mji.

Mama yako nilimpeleka huko huko mwaka 1984. Tulipewa chumba kwenye nyumba za reli, nami nilikuwa gadi kwenye treni za Mwanza. Leo naondoka, keshokutwa narudi, nalala, naondoka tena. Alikuwa binti wa Ujiji, amezoea kusikia ziwa, na kule kiangazi vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Alikuwa na dumu la mawese alilopewa na bibi yako. Jirani mmoja, mama mtu mzima wa Kinyamwezi, akaja kuomba kidogo, mama yako akampa na akakataa pesa. Yule mama akalipa kwa namna yake: akaja na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo, akamfundisha kupika nsansa kwa karanga, akamzungusha kwa jamaa zake mtaa wa Ng'ambo. Baada ya hapo wanawake wa reli wakaanza kumuulizia mawese, ndugu zake wakawa wanamtumia kwa treni, anawapimia kwa chupa. Nilirudi safari moja nikawakuta wanawake wamekaa mkekani mlangoni kwetu, wanamngoja arudi sokoni. Tangu siku hiyo habari za kurudi Kigoma zilikwisha. Mwenyewe amesimama hapa nyuma yangu anasema niandike kwamba nsansa anapika bado, na kwamba Zuwena akiipata huko asidharau kwa kuwa ni majani makavu.

Nimekumbuka hayo kwa sababu ya cherehani. Umesema mliiacha kwa mama yake mpaka "mtulie kwanza". Mwanangu, kwake yeye kutulia kunaanzia kwenye cherehani hiyo. Muulize kama anaitaka. Muulize kweli, usimwambie baba amesema ushone, kwa maana akiona kwamba wanaume wawili wamekaa wakamtafutia la kufanya ili anyamaze, atashona bila moyo, na atakuwa na haki. Huenda ana mawazo yake mengine. Mpe nafasi ayaseme mpaka mwisho.

Akisema ndiyo, basi nina maneno machache ya biashara, na ayapime mwenyewe. Tabora ni mji wa shule, kuna Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo, na shule za msingi kila kona. Mtu atamwambia ashone sare za mwezi wa kwanza. Sare zina pesa ya haraka, lakini kila fundi anazishona na bei yake wanaivuta chini. Kipaji chake ni magauni. Na ana kitu ambacho fundi wa Tabora hana: vitenge vya Kongo vinavuka ziwa vinashuka huku kwetu, na dada yake yuko sokoni Mwanga kila siku, anaona mzigo unapofunguliwa. Akichaguliwa vipande vichache tu vizuri, avitundike barazani, gauni moja alivae mwenyewe Ijumaa, wanawake watamuuliza limeshonwa wapi.

Mama yako yeye anasema dagaa. Ni kweli dagaa wa Kigoma wanapendwa Tabora. Wengi wanaouzwa huko wanatoka upande wa Mwanza, na mlaji anajua tofauti akiwatia mdomoni. Ila dagaa wana hesabu zake. Wavuvi wetu wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa, na bei pale mwaloni Kibirizi inapanda. Mwaka 2024 serikali ililipumzisha ziwa kwa uvuvi, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, na aliyekuwa hana akiba alikaa bila bidhaa. Zaidi ya hayo mnakaa chumba na sebule kwenye nyumba ya watu. Gunia la dagaa chini ya kitanda litawagombanisha na mama mwenye nyumba kabla hata ya kuuza kisado cha kwanza. Mimi ningeanza na cherehani. Dagaa wawe wa kula na wa kuonjesha majirani.

Pesa yake ya kwanza usiipangie kodi wala umeme wa LUKU. Hiyo ni mizigo yako uliyoibeba ukimuoa. Iache mkononi mwake aone inafanya nini. Baadaye, akishajulikana, atasikia habari za vikoba na za mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo nne ni ya vikundi vya wanawake, nne vya vijana na mbili vya wenye ulemavu. Haina riba, nayo ni nzuri. Lakini inatolewa kwa kikundi, na kikundi kinakubali mtu kinayemjua. Asikimbilie kuingia na watu aliokutana nao jana kwa sababu ya mkopo. Wakitoroka, deni linabaki kwa waliopo.

Kuna jambo ambalo hukuniandikia, nami nauliza. Ulipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha, ulikwenda na Zuwena? Na mkataba wa pango umeandikwa majina ya nani? Kama ni lako tu, rudi na mkeo. Mwenyekiti amwone, mtendaji aandike jina lake, balozi amjue kwa sura. Wewe unashinda shuleni. Akiugua saa tano asubuhi, au pakitokea wizi uani, au mtu akagombana naye kisimani, ni hao watakaomsemea. Nenda naye pia kwa majirani, nyumba kwa nyumba, asubuhi moja ya Jumapili, na mtoe salamu kwa lugha yao. "Mwangaluka" inatosha kufungua mlango. Wanyamwezi ni watu wa heshima kubwa kwa mgeni anayesalimia, nimeishi nao najua. Na mwulizie darasa la akina mama msikitini. Tabora na Ujiji ni miji ya njia moja tangu enzi za misafara kutoka Bagamoyo, na ukiuliza vizuri pale Ng'ambo, hutakosa mzee mwenye shangazi Ujiji.

Siku za Jumamosi mtoe. Anayelikumbuka ziwa mpeleke bwawa la Igombe. Halifanani na Tanganyika hata kidogo, lakini ni maji na ni upepo. Siku nyingine nendeni Kwihara mkaione nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Zuwena amekua akipita kila siku penye ule mnara wa huku kwetu, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871, na atafurahi kuona walikoelekea baada ya pale. Hazihitaji pesa nyingi safari hizi. Kinachotakiwa ni kwamba mji muujue pamoja, ili siku akikuambia "pale kwenye kona ya mwembe mkubwa" uwe unajua anasema wapi.

Nije kwenye ndugu. Hili nimelifikiria sana, na nadhani lina sehemu katika machozi yake ingawa hawezi kulisema. Tabora ni njia panda: treni ya Kigoma, ya Mwanza, ya Mpanda na ya Dar es Salaam zote zinapita hapo. Tangu mfike nimesikia kwa masikio yangu binamu zako wawili na mjomba wako mmoja wamelala sebuleni kwenu wakisubiri usafiri, na mmoja alikaa wiki. Zuwena amewapikia, amewafulia mashuka, ametabasamu. Ni mke wa miezi kadhaa, katika mji asioujua, na wageni pekee alionao ni wa kwako. Kuanzia sasa hilo niachie mimi. Nitazungumza na ukoo, nitawaambia kwamba kwa mwaka huu anayepita Tabora atafute gesti, na anayetaka kulala kwa Hamisi anipigie mimi kwanza. Wakinuna watanuna kwangu. Mimi nimeshazeeka, naweza kubeba. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Kitete au Dar hilo ni jambo jingine, huyo apokelewe, na mama yako atatuma pesa ya chakula.

Wewe nawe ukitoka shule pitia nyumbani kwanza. Kijiweni na walimu wenzako utakwenda baada ya kumuuliza mkeo ameshindaje, na umsikilize anapojibu.

Mama yako alikwenda jana kwa mama yake Zuwena kuitazama cherehani. Ni ile ya miguu ya chuma, mkanda umelegea na sindano zimeisha, mengine ni mazima. Fundi ataifungua, kichwa tutakifunga kwenye blanketi ndani ya boksi, miguu itasafiri peke yake. Sitaituma mpaka Zuwena mwenyewe aseme ndiyo, kwa hiyo zungumza naye kisha yeye ndiye anipigie, si wewe. Nitamweleza treni gani na jina la mtu wa kumwona stesheni. Kwenye boksi hilo hilo atakuta dumu la lita tano la mawese na dagaa wa kutosha. Vitenge dada yake anasema anangoja kwanza kuambiwa rangi.

Mpe salamu mkwe wangu. Mwambie baba anaingoja simu yake.

Ni mimi baba yako.