Pazia au Ukuta wa Mbao?

SWALI: Nimepanga chumba cha futi 10 kwa 10 mtaani Manyatta, Kisumu, nami nataka kukigawanya kwa mbao ili jiko litengane na kitanda. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujamwita seremala, chora sakafu kwenye karatasi ya miraba, ukionyesha pia mlango unavyofunguka, kwa kuwa mlango wa futi 3 unaofungukia ndani hula kona nzima ambayo wengi huisahau. Kitanda cha 4 kwa 6 kitachukua karibu robo ya chumba. Kiinue, masanduku yakae chini yake. Ukuta wa mbao, kusema kweli, siupendi: kwa joto la Kisumu utaziba upepo wa dirisha. Pazia linatosha, mradi lisikaribie jiko.