Mjomba, kuhusu polisi na mahakama za India nakujibu bila kuficha

Mjomba shikamoo. Juzi kwenye simu uliniuliza huyu mdogo wetu akija Pune kusoma halafu bahati mbaya akaingia mikononi mwa polisi, mgeni ana haki gani, na mahakama zao zikoje. Sikukujibu vizuri kwa sababu mama alikuwa pembeni anasikiliza na nilijua ataanza kulia. Sasa naandika, na nyie wengine mnaotaka kuleta watoto huku someni, mi nna miaka saba hapa na nimeshayaona.

Mgeni haki anazo, tena za kwenye katiba yao ya 1950, ikifika kwenye uhai na uhuru haisemi raia, inasema mtu. Ukikamatwa lazima uambiwe kosa, lazima uruhusiwe wakili, ndugu au rafiki ajulishwe uko wapi, na ndani ya masaa 24 uwe umefikishwa mbele ya hakimu, muda wa safari tu ndo hauhesabiwi. Akiomba ubalozi uambiwe nalo ni haki yake. Na binti hawaruhusiwi kumkamata usiku, jua likishazama mpaka lichomoze, labda kuwe na sababu kubwa sana na hapo lazima awepo polisi wa kike na ruhusa ya hakimu.

Kitu ambacho namuomba akishike kuliko vyote, ASISAINI. Maelezo anayotoa mtuhumiwa kwa polisi kisheria hayatakiwi hata kusainiwa na yeye, na ukikiri kosa mbele ya polisi kule kukiri hakuwi ushahidi mahakamani. Kwa hiyo wakimletea karatasi nyeupe, au imeandikwa Kimarathi, lugha ya huku, haelewi hata herufi, anyamaze asubiri wakili. Wakili hata kama hana hela anapewa bure, wana sheria ya 1987 ya msaada wa kisheria, mwanamke yeyote anapata na mtu yeyote aliyeko mahabusu anapata, hawaangalii kipato chake.

Najua mama anawaza lile la Bangalore, Januari 2016, binti wa Kitanzania alipigwa na kuvuliwa nguo na kundi la watu kisa Msudani kamgonga mama mmoja na gari, wakati yule binti hata kwenye ile ajali hakuwepo. Mwenyewe alisema alipokimbilia polisi hawakumsaidia. Baada ya ubalozi wetu kulalamika watu wakakamatwa na polisi kadhaa wakasimamishwa kazi. Siwezi kukwambia haiwezi kutokea tena mjomba, ntakuwa nakudanganya. Sheria nzuri iko kwenye kitabu na yule askari wa kaunta ni mtu mwingine.

Mimi mwenyewe niliporwa simu nikiwa kwenye bajaji, vijana wawili na pikipiki. Nikaenda kituoni, wananiambia andika imepotea. Ukiandika imepotea hapo hakuna kosa la jinai, hakuna upelelezi, unapewa kikaratasi unaenda zako. Nikasema hapana, nataka FIR, ile taarifa ya kwanza ya kosa, na mahakama yao kuu kabisa ilishaamua 2013 kwamba kosa la aina hiyo likiripotiwa polisi lazima waandike, hawana hiari. Nilikaa pale masaa matatu, nikampigia jirani yangu mama wa Kimarathi akaja kaongea nao kwa lugha yao, wakaandika, nikapewa nakala bure. Simu sikuipata ila karatasi ninayo. Na wasimwambie hilo ni la kituo kingine, kituo chochote kinapokea halafu wao wenyewe wanahamisha.

Sasa mahakama. Siku ya kwanza kuingia nilishangaa maneno, wakili wanamwita vakil, dhamana ni zamanat, haki ni haq, kanuni ni kanun, tarehe ya kesi ni tarikh. Na ile kanuni yao ya adhabu ya Mwingereza ya 1860 waliyoiacha 1 Julai 2024, hata Tanganyika tuliitumia mpaka 1930. Kwa hiyo utaratibu hautamshangaza sana mtu wa kwetu, kitakachomuumiza ni hiyo tarikh. Mahakama zao zina kesi zaidi ya milioni 40 zinasubiri. Kuna kijana Mkongomani namfahamu, ugomvi wa hosteli tu, alifikishwa kwa hakimu kesho yake, dhamana akapewa mapema, lakini mdhamini mwenyeji alimtoa wapi, alikaa ndani wiki tatu zaidi kwa kukosa mtu wa kumsimamia! Akatoka, pasi iko mahakamani, kutoka nchini mpaka ruhusa, chuo kaishamaliza, mwaka wa nne huu anahudhuria tarehe, leo shahidi hajaja, kesho hakimu kahamishwa.

Ndo maana nasema ugomvi aukimbie hata kama yeye ndo mwenye haki, na mzigo wa mtu asibebe kabisa, madawa ya kulevya wana sheria ya 1985, ukikutwa na kiasi kikubwa dhamana ni ngumu mno.

Akifika, mwenye nyumba au hosteli wajaze ile fomu ya kuripoti mgeni, iliyozoeleka kuitwa Fomu C, ndani ya masaa 24, na viza ikizidi siku 180 ajisajili FRRO, ofisi yao ya usajili wa wageni, ndani ya siku 14, inafanyika kwa mtandao. Mkataba wa nyumba wengi wanaandika miezi 11, ila jimbo hili la Maharashtra hata huo lazima usajiliwe, asome kipengele cha depoziti na kila hela adai risiti.

Nyie huko nitumieni fotokopi ya pasi yake na barua ya chuo, nataka nikae nazo kabla hajapanda ndege. Na mama jirani nimeshamwambia, amekubali siku ya haja atasimama kama mdhamini.