Re: Chrome inajifunga, je, ripoti inabeba nywila?

Salaam ndugu wa Newala. Umesema Chrome inajifunga ghafla ukiwa ukurasa wa benki kuangalia malipo ya korosho, na unahofia ripoti ya hitilafu kubeba nywila.

Hofu yako ina msingi. Ripoti hubeba kipande cha kumbukumbu ya programu wakati inaanguka. Humo huweza kuwemo anwani ya ukurasa, hata ulichoandika. Usitegemee hali fiche (Incognito) kuondoa hatari hiyo, kazi yake hasa ni kutotunza historia ya kurasa ulizotembelea.

Kwanza andika chrome://crashes pale juu panapoandikwa anwani ya ukurasa, uone kama kuna ripoti iliyokwisha kutumwa. Ikiwepo ya siku ile, badilisha nywila leo hii, tafadhali. Kisha Mipangilio, Huduma za Google, zima kipengele cha kusaidia kuboresha Chrome.